SAA HAIJUI ILA MWENYEZI MUNGU
Maelezo ya maneno ya wakati katika khabari za kurejea Nabii Isa (A.S.)

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila awafuataye kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, jueni ya kwamba lililonitia kuandika waraka huu ni jambo lililotokea hapa kwetu Pugu, katika darasa yetu ya baina ya Magharibi na Isha. Alikuja mtu mmoja katika wanafunzi wangu wa zamani, mtu mzima mwenye mke na watoto, uso wake umejaa furaha. Akasema: "Shekhe, leo nimemshinda jirani yangu Mkristo mbele za watu. Nimemwonyesha katika kitabu chake ya kuwa Isa aliwaahidi watu wa zama zake atarejea nao wangali hai. Nao wote wamekufa, wala hakurejea. Jirani yangu akanyamaza, hana jawabu." Nikamuuliza: "Je, umelisoma neno lenyewe, na la kabla yake, na la baada yake?" Akasema: "La, Shekhe, nimelisikia katika mhadhara."

Haukupita mwezi, akarudi mtu yule yule, na marra hii uso umempauka. Mkononi ana simu, na ndani ya simu mna maandiko yasemayo ya kuwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (S.A.W.) huko Madina, ameota ndoto, ya kuwa Kiama ki karibu mno, na mlango wa toba unataka kufungwa, na asiyewapelekea wenziwe maandiko hayo atapatwa na msiba. Naye alikuwa amekwisha kuchimba mashimo ya miche ya minazi katika shamba lake upande wa Kisarawe, akaacha kuipanda. Akasema: "Nimpandie nani, Shekhe, na dunia inakwisha?"

Nikaona ya kuwa maradhi yale mawili ni maradhi mamoja. Alimcheka jirani yake kwa neno la wakati lililokatwa na kutolewa mahali pake; kisha akatetemeshwa yeye mwenyewe na neno la wakati lisilokuwa na asili. Kwa ajili hiyo nimeyakusanya masala haya machache, ili yamfae yeye na wenziwe.

MASALA YA KWANZA: Itikadi yetu katika kurejea Nabii Isa

Sisi Ahlu Sunna twaitakidi ya kuwa Nabii Isa bin Maryam (A.S.) hakuuawa wala hakusulubiwa, bali Mwenyezi Mungu alimpandisha kwake, kama ilivyo katika Suratin Nisaa, aya ya 157 na ya 158. Na twaitakidi ya kuwa atashuka kabla ya Kiama. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kwa Abu Huraira (R.A.) ya kuwa atashuka hali ya kuwa hakimu mwadilifu. Na katika Sahihi Muslim, katika hadithi ndefu ya An-Nawwas bin Samaan, imetajwa mahali pa kushuka kwake, nako ni Dameski upande wa mashariki, penye mnara mweupe.

Basi tazameni. Mahali tumetajiwa, na kazi yake tumetajiwa, ama mwaka hatukutajiwa. Waliuliza watu khabari ya Saa katika zama za Mtume (S.A.W.), na jawabu iliyoteremka katika Suratil Aaraf, aya ya 187, ni kuwa ilimu yake iko kwa Mola peke yake, na itawajia watu kwa ghafula. Hata Jibrili (A.S.) alipokuja katika sura ya mtu akauliza, Mtume alimjibu ya kuwa mwenye kuulizwa hajui zaidi ya mwenye kuuliza. Ikiwa Jibrili na Muhammad (S.A.W.) hawakuijua, je, ataijua mtu wa mtaani kwa ndoto au kwa hesabu ya vidole?

MASALA YA PILI: Maneno ya wakati husomwaje?

Imam wetu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu, katika kitabu chake Ar-Risala ameeleza ada ya Waarabu katika kusema: ya kuwa yako maneno ambayo mwanzo wake hufunuliwa na mwisho wake, na mengine ambayo mwisho wake hufunuliwa na mwanzo, na ya kuwa tamko huweza kuwa la watu wote, na muradi wake ukawa ni baadhi yao. Hii ni kanuni kubwa, wala si ya Kiarabu peke yake; lugha zote za wanadamu zimo ndani yake.

Nitawapigia mfano wa hapa petu. Mtu amefungua sanduku la marehemu baba yake, akaiona barua ya ami yake, imeandikwa ya kuwa atafika kesho kwa gari la moshi, basi wampokee katika stesheni ya Pugu. Je, mtu huyu aamke alfajiri kwenda stesheni? Na asipomwona ami yake, aseme ami alikuwa mwongo? Hapana mwenye akili atakayefanya hivyo. Kwanza ataitazama tarehe ya barua, na jina la aliyeandikiwa, na jambo walilokuwa wakiandikiana. "Kesho" ile ni kesho ya baba yake, si kesho yake yeye.

Na katika maneno yetu ya kila siku, mwenye gari humwambia abiria ya kuwa gari laondoka sasa hivi, na abiria wakakaa nusu saa; wala hawamwiti mwongo, kwani wajua "sasa hivi" ya mwenye gari ni mpaka viti vijae. Basi kila neno la wakati lina mwenye kulisema, na mwenye kuambiwa, na swali lililolitoa. Ukiviondoa vitatu hivi, limebaki kopo tupu, na kila mtu atalijaza apendavyo.

MASALA YA TATU: Neno la "kizazi hiki" katika Injili ya Mathayo

Neno alilolitumia mwanafunzi wangu limo katika kitabu cha Mathayo, mlango wa 24, aya ya 34. Hapo imeandikwa kwa maana ya kuwa kizazi kile hakitapita mpaka mambo yale yote yatokee. Sasa na tulirudishe mahali pake. Mlango huo waanza na wanafunzi wa Isa wakimwonyesha majengo ya hekalu la Yerusalemu, naye akawaambia ya kuwa mawe yale yote yataangushwa. Ndipo walipomuuliza, na swali lao lina mambo zaidi ya moja: lini yatakuwa hayo ya hekalu, na nini dalili ya kuja kwake na ya mwisho wa zama.

Basi jawabu imechanganya mambo hayo. Na hekalu lile kweli lilivunjwa na jeshi la Warumi chini ya Tito katika mwaka 70, na baadhi ya watu wa kizazi kile wangali hai. Ndiyo sababu wako katika wafasiri wa Kikristo wasemao ya kuwa "kizazi hiki" ni kwa khabari ya hekalu. Wako wasemao muradi ni kabila la Wayahudi. Wako wasemao muradi ni kizazi kitakachoziona dalili zile. Wamekhitalifiana, wala hawakuacha kukiri ya kuwa neno lile ni zito. Ama kusema ya kuwa hawana jawabu, hilo si kweli. Huenda jirani yule alikuwa hana jawabu, ama maulamaa wao wanayo, njema au dhaifu.

Na aya mbili baadaye, katika aya ya 36, imeandikwa ya kuwa siku ile na saa ile hapana aijuaye, wala malaika wa mbinguni, ila Baba peke yake. Na katika Marko, mlango wa 13, aya ya 32, imetamkwa wazi ya kuwa hata Mwana haijui. Tazameni basi hasara ya mwenye kukata maneno! Ameshika aya ya 34 akaifanya fimbo, akaiacha aya ya 36, nayo ndiyo iliyo karibu na tuyasemayo sisi. Mwenye kutaka kuulizana na Wakristo kwa haki, na aulize hapo: asiyeijua Saa huwaje Mungu? Nao wana maneno yao juu ya hali ya ubinadamu wa Isa, nasi tuna yetu. Lakini hilo ni swali la haki, limesimama juu ya neno zima.

Tena jueni ya kuwa sisi hatuijengi itikadi yetu juu ya vitabu vyao. Mtume (S.A.W.) ametukataza kuwasadikisha Ahlul Kitabi na kuwakadhibisha katika yale tusiyokuwa na ilimu nayo. Lakini ukikifungua kitabu cha mtu ili umhoji, yakupasa ukisome kama mtu msomi, si kama mtu anayetafuta jiwe la kutupa.

MASALA YA NNE: Je, kwetu hayako maneno ya namna hiyo?

Yako, na hapa ndipo penye mzigo wa waraka huu. Katika Suratil Qamar, aya ya kwanza, imetajwa ya kuwa Saa imekaribia. Katika Suratin Nahl, aya ya kwanza, amri ya Mwenyezi Mungu imetajwa kwa tamko la jambo lililokwisha kuja, kisha watu wakakatazwa kuihimiza. Tangu kuteremka aya hizo imepita miaka zaidi ya 1400. Mtu asiyetutakia mema akitusomea aya hizi peke yake, akasema, "Karibu gani hii?", tutamjibu nini? Tutamwambia asome Suratil Maarij, aya ya 6 na ya 7: waikanushao waiona mbali, na Mola aiona karibu. Tutamwambia asome Suratil Hajj, aya ya 47, ya kuwa siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu katika hesabu yetu. Na ajabu ni kuwa katika waraka wa pili wa Petro, mlango wa 3, aya ya 8, mna maana kama hiyo hiyo, nayo imeletwa kuwajibu waliodhihaki kukawia kwa ahadi.

Liko jengine lililo zito zaidi. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) ya kuwa mabedui walipomjia Mtume (S.A.W.) humuuliza Saa ni lini, naye humtazama aliye mdogo kuliko wote, akasema ya kuwa huyu akiishi, uzee hautamfikia mpaka iwe imewasimamia Saa yao. Mwenye haraka atasema: yule kijana alizeeka akafa, wala Kiama hakikuja. Lakini katika Sahihi Bukhari, mpokezi Hisham amefasiri ya kuwa muradi ni mauti yao. Alisema Saa yao wao, wala hakusema Saa ya ulimwengu. Neno moja dogo la kumiliki ndilo lililobeba maana yote.

Na hadithi ya tatu: Mtume (S.A.W.) mwishoni mwa uhai wake alisali Isha, kisha akawaambia ya kuwa katika usiku ule, itimiapo miaka mia, hatabaki hata mmoja katika waliokuwa juu ya ardhi siku ile. Watu wakakosea kuifahamu, wakazungumza ya kuwa dunia yaisha kwa miaka mia. Ibn Umar (R.A.) akawaondolea kosa, akasema muradi ni kuondoka watu wa karne ile. Na ikawa hivyo. Sahaba wa mwisho kufa, Abu Tufayl Aamir bin Wathila, alikufa mwaka 110 wa Hijra kwa kauli iliyo na nguvu, nao ndio ukomo wa miaka mia tangu neno lile lisemwe.

Basi, ndugu yangu, hizi ndizo khabari za kizazi zilizomo katika vitabu vyetu. Sisi twazisoma kwa mwanzo wake na mwisho wake na kwa fahamu ya masahaba, nasi tumesibu. Je, itakuwa haki tukimkataza mwenzetu kipimo hicho hicho? Suratil Mutaffifin yaanza kwa kuwaonya wale ambao wakijipimia hutaka kutimiziwa, na wakiwapimia watu hupunguza. Wengi wetu twadhani aya hizo ni za wenye mizani ya dukani peke yake. Na wenye kupima maneno nao wamo. Na katika Suratil Maida, aya ya 8, tumekatazwa kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu.

Khasa sisi watu wa Pugu yatupasa kuliangalia hili. Mwaka 1888 mapadri wa Kibenedikto kutoka Ujerumani walijenga misheni hapa, na Januari 1889 ikaangamizwa katika vita vya Bushiri. Tangu hapo watu wa dini mbili wamekaa katika vilima hivi, wameuziana ng'ombe mnadani na wamezikana. Neno lisilo la haki likitupwa baina ya majirani, haliokotwi kwa wepesi.

MASALA YA TANO: Madhara ya kuweka tarehe

Mwaka 1844, huko Marekani, wafuasi wa William Miller walingoja kurejea kwa Isa tarehe 22 Oktoba. Walizichukua siku 2300 zilizotajwa katika kitabu cha Danieli, wakazifanya miaka, wakahesabu tangu mwaka 457 kabla ya kuzaliwa Isa. Siku ikaja, ikapita. Katika nchi ya Nyasa, iitwayo leo Malawi, Elliot Kamwana alihubiri ya kuwa mambo yatageuka mwaka 1914. Mwaka ule ulileta vita vya wafalme, haukuleta Kiama.

Hao walipata aibu na huzuni. Wengine walipoteza roho. Huko Kanungu, Uganda, wakubwa wa jamii moja waliwaambia watu ya kuwa dunia itakwisha pamoja na mwaka 1999. Wafuasi wakauza mali zao. Mwaka ulipopita, wakapewa tarehe nyingine, na tarehe 17 Machi 2000 jengo lao la ibada likateketea na mamia ya watu wamo ndani. Kisha maiti wengine wakafukuliwa katika mashimo, na jumla ikapita 700. Na katika mwambao wetu huu huu, katika msitu wa Shakahola ulio upande wa Malindi, tangu Aprili 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, na watoto wamo. Wachunguzi walieleza ya kuwa watu waliambiwa wafunge wasile wala wasinywe, ili wakutane na Isa kabla dunia haijaisha.

Wala asicheke Mwislamu. Barua ya Sheikh Ahmad iliyomtetemesha mwanafunzi wangu si mpya. Mwaka 1908 ilienea katika pwani yetu, na khasa Lindi, ikisema mambo hayo hayo ya ndoto ya mlinzi wa kaburi na ya kukaribia Kiama. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka katika vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 mpaka 1907, watu wana njaa na misiba, na serikali ya Wadachi ikashtuka kwa khofu ya fitina. Barua ile ilisema Kiama ki karibu. Na mimi naandika baada ya miaka zaidi ya mia moja na kumi, na bado yatembea, jana kwa karatasi na leo kwa simu. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia aliandika risala kuikanusha, akabainisha ya kuwa ni uongo uliozuliwa. Ndoto haileti sharia, wala haimfungii mtu mlango wa toba ambao Mola ameuacha wazi.

Na hata maulamaa wakubwa waliingia katika hesabu. Jalaluddin As-Suyuti, naye ni wa madhehebu yetu ya Shafii, aliwajibu waliosema umma huu hautapita miaka elfu, akasema utapita elfu, wala ziada haitafika miaka mia tano. Twamheshimu kwa ilimu yake, na hesabu hiyo twaiacha, kwani aya ya Suratil Aaraf iko juu ya kila hesabu.

MASALA YA SITA: Lipi lililo wajibu wetu?

Rudini katika hadithi ya An-Nawwas. Mtume (S.A.W.) aliwaeleza masahaba ya kuwa Dajali atakaa siku arubaini: moja kama mwaka, moja kama mwezi, moja kama juma, na zilizobaki kama siku zetu. Je, masahaba waliuliza nini? Hawakuuliza ni mwaka gani. Waliuliza: katika siku ile iliyo kama mwaka, yatutosha sala za siku moja? Akawaambia la, bali waikadirie kwa kipimo chake. Fahamuni adabu hii. Mbele ya khabari kubwa kuliko zote za fitina, wao waliulizia sala zao.

Na mtu mmoja alipouliza Saa ni lini, Mtume (S.A.W.) alimrudishia swali: ameiandalia nini? Hadithi hiyo imo katika Sahihi mbili kwa Anas (R.A.).

Basi likija kwenu neno la wakati, katika kitabu chochote, ulizeni mambo matatu: nani alilisema na kwa sanadi gani? Aliambiwa nani, na kwa swali gani? Na nini kilicho kabla yake na baada yake? Na akija mtu mwenye tarehe mkononi, awe na msalaba au awe na tasbihi, msimpe mali yenu, wala watoto wenu, wala usingizi wenu.

KHATIMA

Mtu yule nilimsomea haya yote kwa siku tatu. Siku ya mwisho akaniuliza: "Na miche yangu, Shekhe?" Nikamsomea hadithi iliyo katika Musnad ya Imam Ahmad kwa Anas (R.A.), ya kuwa Saa ikisimama na mkononi mwa mmoja wetu mna mche wa mtende, akiweza kuupanda kabla haijamsimamia, na aupande. Nikamwambia: "Na wako ni mnazi, hukumu ni moja." Kisha nikamwamrisha aende kwa jirani yake, amwambie ya kuwa lile neno hakulisoma lote. Kupanda hakukumtia uzito. Kwenda kwa jirani kulimtia uzito, akakaa siku kadha. Mwishowe alikwenda.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe fahamu katika dini yake, na uadilifu katika ndimi zetu, na khatima njema Saa yetu itakapotufikia, nayo ni mauti, nayo haina shaka. Wallahu aalam. Wasalla Allahu ala Sayyidina Muhammad wa ala alihi wa sahbihi wa sallam.